Suti Kwenye Harusi ya Kana

Shule niliiacha kwetu Uvira kabla sijajua kuandika vizuri, kwa hiyo habari za Italia ya kale nilizipata mezani, mjukuu wangu akiwa anakula ugali kwa uma. Kwa uma! Lakini hayo tuyaache.

Alikuwa anasomea uchoraji chuoni. Zamani, alisema, watakatifu walichorwa sura moja wote, wakavu kama ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Ndipo wasomi wakafukua vitabu vya Wagiriki, wakasema binadamu naye anastahili kutazamwa. Wachoraji wakampa Maria uso wa jirani. Wajenzi nao wakapima nguzo za kanisa kwa kimo cha mtu. Na matajiri waliolipia picha wakachorwa pembeni, wamepiga magoti.

Kosa lake ni kuyarudia hayo mbele ya wazee wa kanisa letu pale New Hope, mji wa huku ugenini tunakoishi, walipompa ukuta wa madhabahu achore harusi ya Kana. Wazee walisikia neno moja tu: kuchorwa. Magoti hawakuyasikia.

Jumamosi walikuja wamevaa kama kwetu mtu anavyovaa akienda kupigwa picha: suti, viatu vya ncha, na kila mmoja anatafuta katikati. Mwenyekiti wao alivaa suti ya rangi ya haradali.

"Binti, mimi ni Petro."

"Baba mzee, Petro alikuwa mvuvi."

"Na mvuvi hana nguo ya harusi?"

Akakaa, mkono gotini. "Tumbo punguza. Nywele ongeza."

"Nachora mtu alivyo, baba."

Wa kukubali kuwa mtumishi wa kuchota maji hakupatikana. Nikasema, "Nichoreni mimi. Nani mwingine humu amewahi kuosha hata kikombe?"

"Mama mzee, tuachie mambo ya kanisa," mwenyekiti akanijibu.

Ndani ya gari mjukuu aliniambia kwa Kiingereza kwamba wakiufuta ukuta wake, kanisani harudi. Kiingereza changu kidogo, lakini hilo liliniingia. Vijana wenzake wote walikwisha kuacha kuja, alibaki yeye.

Jumapili pazia likaondolewa. Petro huyo, suti ya haradali, kipara, tumbo, jicho likiiba kutazama nyama mezani wakati wa sala. Mke wa mwenyekiti ndiye aliyeanza: "Ee Mungu! Ni yeye kabisa!" Kanisa zima likaangua kicheko.

Jioni ileile wazee wakakata shauri: mtu alivyo hafai nyumbani mwa Mungu. Wakaupaka ukuta rangi nyeupe, wakatundika bango la dukani, Yesu mwenye nywele za dhahabu na macho ya buluu. Hakufanana na hata mmoja wetu, ndiyo maana wote waliridhika.

Mjukuu wangu alilitazama mara moja, akakusanya brashi zake, akatoka. Nikachukua kitambaa changu nikamfuata. Sasa Jumapili ananichora jikoni, na mikunjo yangu hapunguzi. Wazee wanatangaza kwamba nimepoa kiroho. Wacha watangaze.