Kibarua wa kahawa aliyemsahihisha mtunzi wa riwaya

Saa saba mchana, Kiruruma. Kazi imesimama kwa ajili ya chakula. Wanawake sita wamekaa kando ya turubai la kahawa iliyoanikwa, sahani za ndizi na maharage mapajani. Wanamsikiliza mmoja wao. Eustadia Niyigena anasoma riwaya kwa sauti.

Mpelelezi anaukuta mlango umefungwa kwa ndani. Eustadia anafunga kitabu.

"Mama Evaristi, huwezi kutuacha hapo!" analalamika Costansia, mwenzake wa kazi.

"Kesho," anajibu akicheka.

Eustadia, 49, ni kibarua wa mashamba ya kahawa wilayani Karagwe. Kwa siku hulipwa Sh6,000. Wazazi wake walitoka Rwanda, na yeye aliishia darasa la saba. Tangu msimu uliopita amesoma riwaya kumi na moja za upelelezi, nyingi kuukuu, alizonunua gulioni Kayanga.

Hazisifu zote.

"Katika moja, muuaji alikuwa pacha ambaye hakutajwa mpaka ukurasa wa mwisho. Huo ni udanganyifu," anasema. "Mtunzi anifiche, sawa, lakini anifiche huku natazama."

Iliyomteka zaidi haina maiti hata moja. Mke anamsubiri mumewe, na kila apitaye anasema amemwona mahali tofauti. "Ugali wangu uliungua nikiisoma. Sikujuta."

Lakini kitabu kilichobadili maisha yake ni *Ghala Namba Tisa*. Ndani yake, maiti inafichwa wiki mbili chini ya magunia ya kahawa ghafi, na walinzi hawagundui kwa sababu harufu nzuri ya kahawa imeifunika.

Eustadia alikiweka chini. Miaka ishirini na mitatu amelala na kuamka na kahawa.

"Kahawa ghafi hainukii vile. Harufu ile huja ikikaangwa. Ghala letu linanuka vumbi na magunia. Panya tu akifia humo, kesho yake tunamtafuta!"

Alimwandikia mtunzi barua ya kurasa nne, akaweka na namba yake ya simu, akaituma kwa anwani iliyo nyuma ya kitabu. Msimamizi wa shamba alimcheka mbele ya wenzake: nani atasoma barua ya kibarua? Miezi mitatu ikapita kimya.

"Niliona aibu. Niliacha hata kuwasomea wenzangu," anakumbuka.

Kisha, katikati ya mavuno, simu yake ikaita.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyeandika *Ghala Namba Tisa*," sauti ilisema. "Umenibomolea kitabu. Nisaidie kukijenga."

Walizungumza karibu saa nzima. Eustadia alishauri maiti itolewe ghalani usiku uleule wa mauaji, na mlinzi mmoja awe anajua. Toleo jipya limetoka hivyo, na jina lake limo kwenye shukrani.

"Siku kitabu kilipofika tulikisoma kile kipande cha shukrani mara tatu," anasema Costansia. "Msimamizi naye alikuja kusikiliza. Alisimama, maana hatukumpa nafasi ya kukaa."

Mswada wa riwaya inayofuata ya mtunzi huyo tayari uko nyumbani kwa Eustadia, umejaa alama zake za kalamu nyekundu. Pembeni lipo daftari lingine ambalo bado hamwonyeshi mtu. Ameandika sura mbili za riwaya yake mwenyewe, na anataka kuimaliza kabla ya mavuno yajayo.

"Mpelelezi wangu ni kibarua," anasema, akirudi kwenye turubai. "Matajiri huongea kila kitu mbele ya kibarua. Wanadhani hatusikii."