Stuli ya Bibi

Wanafunzi humwita mwalimu wao Mzee Randa, ingawa hajafika hata arobaini. Anafundisha usanifu na ufundi, na kila somo hulianza kwa kufoka: "Kabla hujashika msumeno, muulize atakayekitumia hicho kitu!"

Jana, akipanga kazi za mtihani, aliona stuli ya msichana mmoja imeinamia mbele. Akamhurumia, akapunguza miguu ya nyuma mpaka ikakaa sawa.

Leo akamwambia kwa furaha, "Nimekuokolea maksi."

Msichana akaishika stuli. "Mwalimu, bibi ana magoti mabovu. Niliiinamisha ili ainuke bila kushikwa mkono."

Msahihishaji wa mtihani alipofika, akaisifu stuli: "Safi, imenyooka!"

Mwalimu angenyamaza, nani angejua? Shule ngapi hunyamaza hivyo!

"Nimeiharibu mimi," akasema. "Ya kwake ilikuwa bora."

"Basi siwezi kuipima," akajibu msahihishaji. " Atengeneze nyingine ndani ya wiki."

Mwalimu akamtolea msichana mbao nzuri kuliko zote, asiweze kumtazama usoni. "Mwambie bibi aje tumpime tena."

"Aje? Na magoti yale, Mwalimu?"

Akavua koti la karakana. "Nisamehe, mwanangu. Nipeleke kwake."