Nilipoahidi Kurudi Kabla Jua Halijazama

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, iliyokuwa na asubuhi na mchana lakini haikuwa na jioni. Nakusimulia kwa sababu nasikia unafunga begi kwenda kaskazini kutazama misitu na maziwa ya Wafini, huko Finland, na nilipokuuliza utafikia kwa nani ulinijibu, "Auntie, don't worry, kila kitu kiko kwenye simu." Mimi nami sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi waliupata wenyeji wangu.

Wakati huo nilikuwa nesi kijana hapa Lewisham, London, miaka michache tu tangu nitoke Singida, na kwa kuwa nilishazoea kubadilisha treni bila kuuliza mtu, nilijiona nimeijua dunia. Wodini nilifanya kazi na Kaisa, Mfini, mtu wa kumaliza zamu nzima kwa maneno kumi, na yote kumi yakawa na maana. Kiangazi kimoja akanialika kwao, kaskazini kabisa, kwa mama yake mjane. Mama Aino alitembelea fimbo, nyonga moja ilikuwa mbovu. Kiingereza hakukijua, hivyo Kaisa alikuwa mkalimani wetu.

Siku mbili za kwanza nilimchosha yule mama. Kwetu mgeni akinyamaza watu huulizana nani amemuudhi, basi kila kimya kilipoingia mimi nilikijaza: habari za ng'ombe wa babu, za soko, za harusi ya dada yangu. Yeye aliniongezea kahawa tu. Nikadhani hanipendi. Kumbe kule watu huweza kukaa ukingoni mwa ziwa saa nzima bila kusemeshana, wakainuka wameridhika. Hilo nililielewa baadaye, na si kwa akili yangu.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Kaisa akatoka na mtumbwi kuvua samaki. Mimi nikataka kwenda msituni kuwatafuta kulungu wa kule. Kwa ishara, Mama Aino akaniuliza nitapita wapi. Akagonga saa ya ukutani kwa kidole, kuuliza nitarudi lini, kisha akaniwekea mkononi dira ya marehemu mumewe. Nikamrudishia huku nacheka. Mtoto wa Singida, niliyechunga mbuzi toka nina miaka saba, nibebe dira ya nini? Hata saa yangu niliiacha mezani. Nikamwonyesha jua, nikaushusha mkono polepole hadi chini: nitarudi kabla halijazama. Akatikisa kichwa sana. Nikasema moyoni, wazee ndivyo walivyo, na nikaenda zangu.

Ni kweli nilikuwa nimeambiwa, tangu London, kwamba majira hayo jua la huko halizami. Lakini siku mbili zile kulikuwa na mawingu, na kuambiwa si kuona. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka hadi mwaka. Hata saa zetu tunazihesabu kwa kulifuata. Mwili wangu haukujua jua la namna nyingine.

Nikatembea. Misonobari, miti yenye maganda meupe, maji kila upande, na mbu ambao mbu wa Rufiji angewaamkia shikamoo. Kulungu niliwaona, saba, wakipita kimya. Nilifurahi mno. Kila nilipoinua macho nililiona jua la saa kumi alasiri, nikasema bado mapema. Miguu ilipochoka nikageuka. Nyumba ilikuwa upande wa magharibi, basi nikalifuata jua, maana jua likianza kushuka liko magharibi, hata mtoto anajua. Kumbe lilishaipita magharibi zamani, linazungukia kaskazini, na usiku ulikuwa wa manane. Nililifuata hadi nikatopea kwenye kinamasi, sijui mbele wala nyuma. Hapo niliogopa, mwanangu, nikaita jina la mama yangu.

Kilichonijibu ni sauti ya sufuria inayogongwa kwa mwiko. Mtu aligonga, akasubiri, akagonga tena. Nilipoifuata nilimkuta Mama Aino amesimama baina ya miti, amelowa hadi kifuani, fimbo hana. Alikuwa ameanguka kwenye maji akaipoteza. Kaisa alikuwa upande mwingine wa ziwa na majirani, wananitafuta; mama alikataa kukaa nyumbani. Tulirudi ananiegemea, na kila hatua nilimsikia akivuta pumzi kwa maumivu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nyumbani sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke, ilikuwa imewashwa. Lakini mlangoni yule mama akasimama. Kaisa, aliyekuwa amesharudi, akaniambia kwamba kwao sauna haiingiwi na ugomvi; kama kuna neno, linasemwa nje. Nalo neno alikuwa nalo, akalitoa bila kupaza sauti, Kaisa akifasiri:

"Uliniahidi kurudi kabla jua halijazama. Jua la hapa litazama baada ya wiki tatu. Ulitaka nikungoje wiki tatu?"

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akanishika bega, tukaingia. Ndani akamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukatufunika, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikusema kitu. Nililia, naye akaniacha nilie. Nikajua kimya kile hakikuwa chuki. Nyonga yake haikurudi kama zamani, na hakunitajia hata mara moja.

Basi nenda, mwanangu, sikuzuii. Mtembezi hula miguu yake, lakini asiyetembea hajui kitu. Nenda ukaone jua linalozunguka, unywe kahawa yao, ujifunze kunyamaza nao. Ila ujuzi wa kwenu, hata uwe mkubwa namna gani, ni wa kwenu. Ukifika kwa watu uliza, kuuliza si ujinga. Mwenyeji akikupa kitu cha njiani, kipokee. Na unapoaga, taja saa anayoielewa yeye, kwa kuwa ukichelewa, wewe utakuwa unatazama mandhari, naye atakuwa anavaa viatu.

Mungu akutangulie uendako. Akupe wenyeji watakaotoka kukutafuta, na akujalie busara ya kutowatoa nje.