Maji ya Mama

Siku tuliyomzika mama, pale Marambo, dada yangu hakulia. Alisimama kando ya kaburi akiangalia majembe, na udongo ulipokwisha kurudishwa akasema mbele ya watu wote, katekista bado ana kitabu mkononi: "Jua linashuka. Naenda kubandika maji." Wee! Msiba mzima ukaguna.

Miaka yote dada ndiye aliyemtengea mama maji ya kuoga jioni. Vuguvugu, kwenye ndoo ya bluu, ndani ya bafu la nyasi nyuma ya nyumba. Mama akitoka anasema, "Ahsante, mwanangu," naye anaitikia, "Haya, mama." Ukimbadilishia dada hata ndoo tu, siku yake imeharibika. Zamani daktari mmoja wa misheni alitueleza kwamba ana usonji, ule wa aina inayoitwa Asperger: akili anazo, ila kelele, macho ya watu na salamu ndefu vinamchosha. Mama alielewa. Kijiji nacho kikaelewa chake: ana kiburi, haamkii wakubwa, ana mashetani.

Baada ya mazishi dada akaendelea. Kila jioni ndoo ipo bafuni, yeye kakaa kizingitini anasubiri. Giza likiingia anayamwaga kwenye mpapai. Majirani wakaona, maneno yakaanza: "Macho makavu vile? Kamla mama yake, kamfanya msukule, ndiyo maana anamwogesha." Jamani! Na waliosema hayo ugali wa msiba walikula wakashiba, na maji ya kunawa ni dada aliyewachotea.

Mjomba akaita kikao. Kwetu Wamwera, mjomba akisema kamaliza. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu wetu alitamka kabisa. "Aache hayo maji, au atoke kwenye nyumba hii."

"Mjomba," nikamwambia, na hasira zimenipanda, "kila mtu analia kivyake. Huyu analia kwa ndoo."

Akanitazama kama nimelewa.

Nikamfuata dada jikoni, nikamweleza polepole kwamba mama hatarudi, na kwamba akiendelea watamfukuza. Aliendelea kuchochea moto. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Nikiacha, nitamfanyia nini?"

Nikamsogezea kuni. Swali lile linaniuma hata leo.

Kesho yake nikamchukua kwangu Ruangwa, ninakouza vitenge. Ndoo aliipakata njia nzima. Kondakta alipotaka kuipandisha juu ya gari, dada akaziba masikio akapiga kelele, abiria wakacheka. Walicheka kweli, watu wazima na watoto wao. Nyuma yetu mjomba alikwisha kutia kufuli nyumba ya mama.

Jioni ile ile nikakuta jiko la mkaa limewashwa. Maji yalipopata uvuguvugu akayapeleka bafuni kwangu, akakaa mlangoni akasubiri. Nilishindwa kuyaona yakipoa tena. Nikaingia, nikaoga huku nalia, nikatoka nimejifunga khanga, nikamwambia kama alivyozoea kuambiwa: "Ahsante."

Akanitazama, jambo ambalo halifanyi.

"Wewe si mama," akasema. Akachukua ndoo, akaenda kubandika maji mengine.