Bulk import iliyotupeleka Buffalo kumfuata mdogo wake Mama Neema

Kigelegele kilitangulia, wakuu.

Ndiyo kwanza nashuka kwenye gari, parking ya apartments zetu Okolona, hapa Louisville, Marekani, nimetoka shift ya warehouse. Sijaona mtu. Nikasikia kigelegele kutoka ghorofani, kirefu, chenye kutu, cha koo lililokuwa limesahau kazi hiyo.

Salamu kwenu nyote. Haya niliyaona kwa macho yangu, nimebadilisha majina tu. Mnaopenda nyuzi za kuchekesha, huu mtausamehe.

Aliyepiga kigelegele ni jirani yangu Mama Neema, Mkongo wa Kivu Kusini. Vita ilimtenganisha na mdogo wake wa kiume, Bahati Byamungu, wakiwa mbioni. Tangu hapo hakupata habari yake, wala ya kaburi lake. Asubuhi hiyo mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuwa amempigia: mdogo wako yuko Buffalo, kompyuta imemwona.

Sasa hiyo kompyuta.

Makanisa yetu ya Louisville, Columbus na Buffalo yalikuwa yamekusanya habari za watu: huyu ni nani, mama yake nani, anamtafuta nani. Kila mji ukaandika kwenye CSV yake, yaani faili ya jedwali. Mimi, kwa kuwa wanajua naandika riwaya (hazijachapishwa, tuendelee), nikapewa kusafisha majina. Upande wa ufundi akaubeba Mutua, Mkenya wa Columbus, programmer, kwa kujitolea.

Alichagua graph database. Humo kila mtu ni nukta, na kila undugu ni mshale kutoka nukta hadi nukta. Niliipenda mara moja. Niliona ni riwaya iliyovuliwa nyama, ikabaki mifupa: nani ni wa nani.

Shida ilianza kwenye bulk import, yaani kuyaingiza mafaili yote kwa mkupuo. Kila mji ulihesabu watu wake kuanzia moja, kwa hiyo kulikuwa na namba moja watatu, namba mbili watatu, na kuendelea. Tool ikagoma: duplicate ID, namba zimejirudia. Mutua akazitupa zile namba, akatengeneza ID mpya kwa kuunganisha jina na tarehe ya kuzaliwa. Kisha akaiagiza tool kwamba ikikuta ID imejirudia, ibaki na ya kwanza na kuiruka nyingine.

Import ikapita bila neno. Na mshale ukatokea, kutoka kwa Mama Neema hadi kwa Bahati Byamungu, Buffalo.

Simu ya huyo Bahati haikupatikana. Mwenyekiti akamtumia ujumbe mchungaji wa kule, naye akaenda kumwambia uso kwa uso: dada yako anakuja. Jumamosi nikawasha gari.

Mama Neema alikaa mbele, mkoba mapajani, anaongea na kioo.

"Kwanza nitamupiga kofi," akasema. "Miaka yote hii, hata kuuliza kama dada yake iko muzima."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Nilimuacha mutoto mwenye kulilia viatu. Sasa pengine iko na kipara."

Tukapita Columbus, tukasimama kwa Mutua kunywa chai. Hakutukaribisha vizuri. Laptop ilikuwa wazi mezani na chai yake imepoa.

"Boss, kuja uone," akaniambia. "Huyu Bahati ako na mama wawili. Na si yeye tu, wengi hapa wako na mama wawili." Akashuka na orodha kwa kidole. "Alafu niulize. Kwani nyinyi wote mlizaliwa New Year?"

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni.

Wakuu, kwa asiyejua: kwenye kambi za wakimbizi, mtu asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari, na mwaka wa kukisia. Kanisani kwetu kila mwaka mpya tunakata keki moja kubwa, na nusu ya waumini wanasimama kupuliza mishumaa. Tumeizoea hadi hatuioni tena. Mutua, ambaye mama yake anakumbuka mpaka mvua ya siku aliyomzaa, angejuaje? Na majina Bahati na Byamungu kule Kivu yamejaa kama Juma kwetu Kigoma.

Mutua akamgeukia Mama Neema. "Mama, pole sana. Hii system imeshika watu wawili, ikafanya mmoja. Mimi naona mrudi tu nyumbani."

"Juu ya mama wawili?"

"Ndiyo, mama."

"Bon. Mama mudogo naye si mama? Mimi mwenyewe niko na mama watatu." Akasimama. "Iyo mashini yako inajua mama ni nini?"

Mutua akafunga laptop. Kwetu mama mdogo ni mama kweli, na huenda mtu aliyeandika Buffalo alimtaja huyo. Hapakuwa na query, swali la kuiuliza database, ya kulimaliza hilo. Ilibaki sura ya mtu.

"Tuende," akasema, tayari amevaa koti.

Somo niliweke hapa, maana tukifika Buffalo sitakuwa na nguvu ya kufundisha. Msifanye jina na tarehe kuwa ID ya mtu. Acheni kila faili na namba zake, ndani ya ID space yake, ili moja wa Louisville asigongane na moja wa Columbus. Duplicates msiziruke kimya, zisomeni moja moja. Na mkidhani watu wawili ni mtu mmoja, waacheni wawili, choreni mshale kati yao, muuite HUENDA_NI_YEYE, kisha binadamu aende akaangalie kabla mama wa watu hajaambiwa. Mutua aliirekebisha hivyo baadaye. Mwenye njia bora aiweke hapo chini. Na aliyewahi kutafuta mtu, au kutafutwa, naye aseme, hata kama hajui database ni nini.

Buffalo ilikuwa theluji tupu. Nyumba ya mbao, wao wanakaa juu, harufu ya sombe, yaani kisamvu, imejaa ngazini. Mwanamume alifungua kabla hatujabisha. Alikuwa amevaa tai. Nyuma yake mkewe na watoto wamepangwa kama wa kupigwa picha.

Alimtazama Mama Neema. Kisha akatazama nyuma yake, chini ya ngazi, kama vile kuna mwanamke mwingine bado anapanda.

"Si weye," akasema.

"Na weye si yeye."

"Mimi natafuta Nsimire. Dada yangu, mukubwa wangu."

"Simujue, ndugu yangu."

Akalegeza tai. "Bon. Mupite ndani. Chakula imesha kuiva."

Tukala. Mtoto mmoja akauliza, "Is that Auntie?" na mama yake akamwambia ale.

Tulipoaga nilitangulia kushuka. Mama Neema alibaki juu, mkono kwenye ukuta, anavaa viatu. Alipomaliza akageuka.

"Bahati," akaita, polepole.

"Naam, dada."

Alisimama pale amefumba macho. Kisha akaanza kushuka, na mlango ukafungwa nyuma yake.