Simu Niliyoificha Kwenye Maharage ya Sadaka

Najua mnacheka. Tangu nirudi Rubya, kila nikipita kisimani kuna mmoja anakohoa na mwingine anatazama pembeni, kwa hiyo bora niandike mwenyewe jinsi ilivyokuwa, maana mkiachiwa ninyi mtaongeza chumvi mpaka mseme nilikimbia kanisani bila viatu (viatu nilikuwa navyo, miguu yote miwili). Ni kweli niliaibika. Niliaibika mbele ya altare, mbele ya Padre, mbele ya kwaya nzima iliyovaa sare, na sauti iliyoniaibisha ilikuwa yangu mwenyewe.

Ilianza hivi. Mkwe wangu Adventina, mke wa mwanangu Projestus, wanaoishi Nshambya pale mjini Bukoba, alinipigia kwenye hiki kitochi changu, simu yangu ndogo ya vitufe, huku analia, akasema, "Mama, njoo, mtoto ananishinda." Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu Kemilembe, tunamwita Kemi, yuko kidato cha pili, mtoto aliyekuwa anaongea mpaka unamwomba anyamaze kidogo upumzike. Sasa naambiwa haongei. Anakula matonge mawili anasema ameshiba, analala na simu, anaamka na simu, mama yake akiingia chumbani anaigeuza haraka iangalie chini, na akiulizwa anaangalia nini anajibu, "Hamna kitu." Adventina alishamkemea, alishamlilia, alishasali novena, na wakawa wanapishana kwenye korido kama wapangaji wawili. "Kuna kitu kinamla yule mtoto," akaniambia, "na mimi mama yake sikijui."

Hilo ndilo lililonitoa kwenye kibanja changu cha migomba. Nikakata ndizi, nikachukua na maharage mapya niliyokuwa nimeyachambua kwa mkono wangu, nikayatia kwenye ekibo, kile kikapu chetu kizuri cha kusuka, maana maharage ya kwanza ya msimu kwangu hayaingii chunguni kabla hayajafika kanisani, na huko kwao ilikuwa inakuja Jumapili ya mavuno.

Jioni ile niliyofika nikaitisha kikao. Namna yangu mnaijua, sizunguki. Nikamwambia Kemi, "Kuanzia leo, wakati wa kula, wakati wa rozari, na ukienda kulala, hiyo simu naishika mimi."

"Na ya baba, Bibi?"

Projestus alikuwa hapo hapo kwenye kochi, sahani mapajani, simu sikioni, anaongea habari za mabati (ana duka la vifaa vya ujenzi kule Miembeni). Nikasema, "Baba yako ni mtu mzima, ana shughuli."

Kemi akaitikia, "Ego waitu," lile itikio letu la heshima, ila heshima yenyewe sikuisikia ndani yake. Basi nikaendelea kumpa maneno yake, marefu, na yeye ananitazama tu, simu kaishika mbele ya kifua kainyoosha kunielekea, hatikisiki, nikajisemea moyoni kwamba leo huyu mtoto ananisikiliza kweli.

Tabu ikawa mahali pa kuiweka. Niliificha chini ya mto wangu, asubuhi nikamkuta nayo. Nikaifungia kabatini na vikombe vya wageni, akaipata. Adventina akaniambia taratibu, "Mama, si tuiache tu hapo sebuleni, kila mtu aione, na tumweleze kwa nini?" Nikamjibu kwamba nimelea watoto sita na hakuna hata mmoja aliyewahi kunidai maelezo. Isitoshe, Jumamosi tulikuwa tumesali jumuiya nyumbani kwa jirani, na wazazi walipoanza kulia habari za watoto na simu mimi nikasimama nikasema, tena kwa sauti ya kanisani, "Mnawaogopa watoto wenu. Njooni mwone kwangu." Mwenyekiti wa jumuiya akafurahi sana, akasema kesho baada ya Misa ya mavuno nitoe neno kwa wazazi wa parokia yote, na kwa kuwa nimetoka mbali na sadaka yangu, nitangulie mimi kwenye maandamano ya vipaji.

Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Na hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo. Baada ya chakula nikaichukua simu ya Kemi, nikafunua ekibo, nikaizamisha katikati ya maharage mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko, nikasawazisha juu vizuri nikafunika na jani la mgomba. Kuizima sijui, na sikuona haja, kwa sababu kwa akili yangu niliona kitu kikifunikwa kinanyamaza, kama kuku ukimfunika na tenga.

Asubuhi ikanyesha, tukachelewa, Projestus anapiga honi nje, Adventina akaondoa jani akafunika ekibo na kitambaa cheupe chenye msalaba, akanipa. Mimi kichwani nilikuwa napanga maneno yangu ya baada ya Misa (nilikuwa nimepata maneno makali sana, mengine mpaka leo nayasikitikia kwamba hayakusemwa). Kuhusu simu, sikukumbuka kabisa.

Vipaji vikatolewa kwa ngoma na vigelegele. Mbele mimi na ekibo kichwani, nyuma yangu wenye mikungu ya ndizi, wenye kahawa, na mama mmoja na jogoo aliyefungwa miguu, nikacheza kidogo pale katikati ya kanisa, hatua za zamani za kwetu, watu wakanishangilia. Nikapiga goti, nikaweka ekibo chini ya altare, nikarudi kwenye benchi la mbele nikakaa kama askofu.

Ngoma ikanyamaza. Watu wakakaa. Padre akainua mikono aanze kuombea vile vipaji.

Ndipo maharage yakasema, "Weka hiyo simu chini."

Nilidhani ni kichwa changu. Yakasema tena, kwa sauti ya juu, kwa Kiswahili changu hiki hiki, "Weka hiyo simu chini nasema. Nimelima bila simu, nimezaa bila simu, na mume nilimpata bila simu."

Kanisa zima lilisikia habari za mume. Jogoo naye akajibu. Katekista akaruka kwenye kile kikapu akafunua kitambaa, akatia mkono huku akatia mkono kule, maharage yanamwagika sakafuni yanatiririka mpaka kwenye viatu vya watumishi wa altare, na mimi ndani ya kikapu sichoki, nikimaliza habari za mume naanza upya, weka hiyo simu chini. Ndiyo nikaelewa kwamba ile jioni mtoto hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ananirekodi. Akanifanya mlio wa simu.

Hatimaye katekista akaichomoa, hajui pa kubonyeza, akampa Padre. Padre akaiangalia kwenye kioo, akaangalia watu, akasema pole pole, "Baba anapiga."

Vichwa vyote vikageuka. Kule nyuma karibu na mlango, mwanangu Projestus alikuwa amesimama ameshika simu yake kwa mikono miwili, kidole bado kiko juu yake (baadaye aliapa kwamba alikuwa anatafuta namba ya mteja wa mabati, kidole kikateleza, na aliposikia sauti ya mama yake inatoka altareni alijua mama amekufa). Padre akamwambia, "Baba, mtoto hayuko nyumbani. Yuko hapa kanisani. Wewe je, uko wapi?"

Watu walicheka mpaka benchi zikalia. Mimi sikucheka. Nilitoka pale nilipokaa nikapiga magoti nikaanza kuokota maharage, maana nilikuwa sina kingine cha kufanya na uso wangu. Nikaona mikono mingine inaokota pembeni yangu. Ni Kemi, katoka kwenye benchi za vijana, machozi yanamdondoka.

"Bibi, nisamehe. Ulikuwa utani tu."

"Okota," nikamwambia.

Kisha upande wa pili akaja Adventina, na yeye alikuwa anacheka mpaka hapumui vizuri, akajaribu kujizuia akashindwa, akamtazama Kemi, Kemi akamtazama, na huyo mtoto aliyekuwa hasemi na mama yake akaanza kucheka naye, wawili hao wamepiga magoti mbele ya altare mikono imejaa maharage. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu nifike. Nikaona, haya, aibu imeshakuja, angalau imekuja na kitu mkononi.

Baada ya Misa mwenyekiti wa jumuiya akanifuata mbio mbio, "Mama, lile neno kwa wazazi, twaweza kuliahirisha, watu wataelewa."

"Siahirishi," nikasema. Nikamwomba ekibo changu, maharage yakiwa yameshamiminwa kwenye gunia la parokia, nikasimama nje kwenye ngazi za kanisa watu wamejaa uwanjani, wengine bado wanajifuta machozi. Nikawaambia, "Mimi ndiye yule wa kwenye maharage. Nilikuja kumfunga mjukuu wangu kamba, nikaacha wakubwa wote wamefunguliwa. Yeye aliniuliza, na ya baba je? Nikamwona ana kiburi, kumbe kauliza swali zuri kuliko la mtu yeyote kwenye nyumba ile. Projestus, njoo hapa."

Akaja.

"Tia simu."

"Mama, kuna mteja ananisubiri nimjibu."

"Tia. Leo ni siku ya Bwana, mabati hayaozi."

Akatia. Adventina akatia ya kwake bila kuambiwa. Nikachomoa kitochi changu kwenye kona ya kanga nikakitia nacho. Halafu nikampa Kemi simu yake, ambayo Padre alikuwa amenirudishia, mkononi, mbele ya watu wote, nikamwambia, "Hii ni yako, alikununulia baba yako. Kikapu hiki kitakaa sebuleni, wazi, wakati wa chakula na rozari na usiku. Hakifichwi tena. Sababu yake ni kwamba tunataka kukuona uso. Ukikubali, tia."

Aliishika kidogo. Kisha akaiweka juu ya zile nyingine, taratibu, kama anayelaza mtoto. Wanawake wakapiga vigelegele kuliko vile vya vipaji.

Mchana ule tulikula ndizi na maharage, ekibo katikati ya sebule, na mwanzoni Projestus anashikashika mfuko kila saa. Kisha Kemi akaweka kijiko chini.

"Mama, nikikwambia kitu, utaninyang'anya?"

Adventina akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba asimnyang'anye. Akasema, "Sikunyang'anyi. Sema."

Kemi akasema. Kuna mtu asiyemjua alianza kumwandikia, kwanza salamu, akijifanya kijana wa shule nyingine, kisha akawa anamwomba picha, na alipokataa akawa anamtisha kwamba anajua anaposoma. Mtoto amekaa na jambo hilo peke yake wiki kadhaa kwa kuogopa kwamba akisema, simu itachukuliwa na lawama itabaki kwake. Kila alipoigeuza iangalie chini, alikuwa anamficha yule mtu, na sisi tulikuwa tunagombana na simu.

Mama yake alimkumbatia pale pale, sahani ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Baba yake akatoa simu ya mtoto kwenye kikapu (kwa ruhusa yangu), wakakaa kochi moja watatu, Kemi akawaonyesha yote, wakamfungia yule mtu asiweze kuandika tena, na kesho yake Projestus akaacha duka lake limefungwa akaenda na binti yake polisi. Hajasumbuliwa tena. Na anaongea, jamani, anaongea mpaka mama yake ananipigia kulalamika.

Sasa naambiwa nyumba nyingi za jumuiya ile zina kikapu sebuleni, na akina baba ndio wanaotia kwanza. Nami nimeapa kwamba sitaficha tena kitu kwenye sadaka ya Mungu, na sitamwekea mtoto sheria ambayo baba yake anairuka nikiona.

Kemi aliniuliza kabla sijaondoka kama aifute ile sauti yangu. Nikamwambia asifute, aihamishie kwenye simu ya baba yake. Kwa hiyo mkipita Miembeni dukani kwa mwanangu mkasikia bibi mkali anamgombeza mtu mbele ya wateja, msishtuke. Ni mimi. Niko kazini.