Itoka Kando ya Bwawa la Tope

Kampuni ya kokoto ilipomaliza kukila kilima cha Magdaline Kagure, juu kidogo ya Mukurweini, ilikumbuka ahadi yake ya kuirudisha ardhi katika hali ya awali. Ilisimamisha kibao cha HATARI, ikaondoka. Nyuma ya kibao yalibaki mabwawa matatu ya tope la kijivu, mahali yalipotulia maji ya kuoshea kokoto miaka yote ambayo marehemu mumewe aliwakodishia shamba. Mkataba ulikuwa umeisha. Watu wa afisi ya mazingira walikuja, wakayatazama mabwawa kwa huzuni ya kikazi, wakashauri yazungushiwe ua.

Kagure akaamua kuyalima.

Siku ya kwanza aliingia bwawa la juu na vipande vya nyasi za nepia mkononi, akazama mpaka kiunoni. Ilibidi jirani yake Wachuka amvute kwa kamba ya ng'ombe, na kwa kuwa Wachuka hawezi kutumia nguvu bila kucheka, kazi ilichukua muda.

“Mama Waweru,” alimwita kwa jina la mwanawe, “si ulibatizwa? Ama ile ya kwanza haikushika?”

“Vuta, wacha mahubiri.”

Baada ya hapo alichimba mtaro kwanza. Alisubiri tope likauke hadi lipasuke, akalichanganya na samadi na maganda ya kahawa yanayotupwa na kiwanda. Wanawake wa kikundi cha kanisa walimsaidia kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Msimu wa kwanza nepia ilimea ya njano, kama iliyolazimishwa. Msimu uliofuata ng'ombe waliila bila malalamiko. Bwawa la pili likatoa nduma, yale magimbi ya kuchemsha. La tatu, kubwa kuliko yote, lilikuwa bado limejaa maji alipokuja Gicheru.

Gicheru ni wakala wa kampuni, na ni mwenyeji wa huku huku. Kampuni ilikuwa imepata kilima kingine ng'ambo ya barabara, na kilima kipya kinahitaji mahali pa kutemea tope.

“Shosho, hizo shimo tulichimba sisi,” alisema. “Ni zetu.”

“Mimi sio shosho yako, sikumzaa babako. Shosho yako alikuwa na adabu. Na kama shimo ni yako, beba uende nayo.”

“Enda kortini basi. Kesi itachukua miaka. Tingatinga itachukua asubuhi moja tu kufukua hizo shimo.”

Hilo lilikuwa kweli, na Kagure alilijua. Hakwenda kortini. Aliita kikundi chote, mchana kweupe, wakapanda itoka kuzunguka bwawa la nepia na la nduma.

Itoka ni lile yungiyungi la kupandwa mpakani mwa shamba. Wazee walilipanda mbele ya mashahidi, na aliyeling'oa alitarajiwa kuugua, kufilisika, au yote mawili, kwa mpangilio wowote. Siku hizi tuna hati za ardhi na kanisa kila kona, na hakuna anayeiamini itoka tena. Pia hakuna anayeing'oa.

Kosa la Gicheru lilikuwa kubana matumizi. Badala ya kuleta dereva kutoka mbali, alikodi tingatinga Othaya pamoja na dereva wake, Theuri, ambaye alifika asubuhi, akaona majani yale mapana, akazima injini.

“Mimi siguzi hiyo.”

“Ati nini? Wewe si Mkristo?”

“Niko na wokovu, boss. Niko na watoto pia.”

“Ni majani tu, Theuri!”

“Basi shuka ung'oe na mkono. Mimi nitafuata nyuma.”

Wanawake walikuwa wamekaa ukingoni na majembe yao, kama watu waliokuja kwenye harusi mapema. Gicheru aliwatazama, akapanda kile kilima cha ng'ambo kutafuta mtandao, apige simu atafutiwe dereva mwingine.

Kagure akakaribia mtambo. “Umelipwa ya leo yote?”

“Ya leo yote, mama.”

“Na ile bwawa ya tatu, umeona itoka huko?”

Theuri akageuza shingo. “Hapana. Na mimi niliambiwa nichimbe kwa bwawa. Hakuna mtu alisema upande gani.”

Gicheru aliporudi akikimbia, ukuta wa udongo wa bwawa la tatu ulikuwa umekatwa na maji yalikuwa yakiteremka mtaroni, yakipita katikati ya nepia inayochuja tope. Kagure alikuwa amekunja rinda, ameinama, anamwonyesha Wachuka mahali pa kumwaga maganda.

“Kesho naleta dereva wa Mombasa!” Gicheru alifoka. “Hajui hayo mambo yenu!”

“Mlete,” Kagure alisema, bila kuinuka. “Lakini itabidi wewe umwonyeshe pa kung'oa. Na kidole yako, sisi wote tukiangalia.”

Gicheru akatia mikono yote miwili mifukoni.